Kilomita 20 kando ya baiskeli: Mbwa wa maonyesho anavyoandaliwa kwa mtihani wa ustahimilivu

MBWA wa maonyesho hujulikana zaidi kwa manyoya yake yanayong'aa, kichwa chake cha fahari na namna anavyosimama mbele ya mwamuzi bila kutikisika. Hata hivyo, nchini Ujerumani uzuri pekee haumtoshi mbwa wa aina ya German Shepherd. Kabla hajakubaliwa rasmi kuwa mzazi bora wa kuendeleza kizazi, sharti athibitishe kwamba mwili wake una nguvu za kazi.

Mojawapo ya vipimo vya nguvu hizo ni mtihani wa ustahimilivu uitwao kwa Kijerumani Ausdauerprüfung, ambao hufupishwa kwa herufi AD. Mbwa hukimbia kilomita 20 kwa mwendo wa mchakamchaka kando ya baiskeli ya mmiliki wake. Akifaulu, herufi hizo mbili huongezwa katika kumbukumbu zake na hudumu humo maisha yake yote.

Wengi wasioufahamu mtihani huu huudhania kuwa mashindano ya mbio. La hasha! Hakuna mshindi wa kwanza wala wa mwisho, na hakuna alama zinazotolewa. Mbwa hufaulu au hushindwa. Kinachoangaliwa ni iwapo moyo, mapafu, viungo na nyayo zake vinaweza kustahimili kazi ndefu na kurejea katika hali ya kawaida baada ya mapumziko mafupi.

Kwa sababu hiyo, mbwa anayeshindwa katika mtihani huu aghalabu huwa ameshindwa miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe, pale mmiliki alipopuuza maandalizi au alipoyafanya kwa pupa.

Asili ya mtihani

Chama cha mbwa wa German Shepherd cha Ujerumani, maarufu kwa herufi SV, kiliundwa mwaka wa 1899. Mwasisi wake mkuu alikuwa Max von Stephanitz, nahodha wa zamani wa jeshi la wapanda farasi. Mwaka huo huo alinunua mbwa aliyeitwa Horand von Grafrath, ambaye aliandikishwa kuwa wa kwanza kabisa katika kitabu cha nasaba cha aina hiyo.

Kazi ya awali ya mbwa hao ilikuwa kuchunga kondoo. Katika maeneo mengi ya Ujerumani, mashamba ya nafaka hayakuwa na ua, na mbwa alilazimika kwenda na kurudi mpakani kutwa nzima ili kondoo wasivamie mimea. Alikuwa kama ua unaotembea. Mbwa aliyechoka kufikia saa sita mchana hakuwa na faida kwa mchungaji.

Ndiyo maana hadi leo maelezo rasmi ya aina hii yanamtaja kuwa mbwa wa mchakamchaka, mwenye hatua ndefu zinazokaribia ardhi na zisizopoteza nguvu. Dume huwa na kimo cha sentimita 60 hadi 65 na uzani wa kilo 30 hadi 40, ilhali jike huwa na sentimita 55 hadi 60 na kilo 22 hadi 32.

Viwanda na miji vilipopanuka, kazi ya kuchunga ilipungua. Von Stephanitz alihofia kwamba mbwa wake angegeuka pambo la kutazamwa tu. Hivyo basi, pamoja na maonyesho ya uzuri, chama kilitilia mkazo mitihani ya kazi na ukaguzi wa kuteua wazazi bora unaoitwa Körung.

Hadi sasa, mbwa anayepelekwa kwenye ukaguzi huo hutakiwa kuwa na AD pamoja na matokeo ya maonyesho, cheti cha mtihani wa kazi na picha za eksirei za nyonga na viwiko zinazokubalika. Mbwa asiye na AD, hata awe na umbo la kuvutia namna gani, hukosa daraja hilo. Hasara hiyo humwangukia mfugaji pia, kwani watoto wa wazazi waliopita ukaguzi huo huthaminiwa zaidi.

Mjadala kuhusu uzuri na uwezo haujaisha. Mwaka wa 2016, katika maonyesho makubwa ya Crufts yanayofanyika Birmingham, Uingereza, mbwa mmoja wa aina hii aliyetunukiwa kuwa bora wa aina yake alizua malalamiko makubwa baada ya watazamaji kuona mgongo wake ulioteremka na namna alivyotembea kwa shida. Wengi walihoji ni vipi mnyama aliyekusudiwa kwenda kutwa nzima anaweza kusifiwa akiwa hatembei sawasawa. AD ni mojawapo ya majibu ya swali hilo, kwani kilomita 20 si rahisi kuzidanganya.

Kanuni zilivyo

Kanuni za mtihani huu zimo katika taratibu za kimataifa za mbwa wa kazi zinazosimamiwa na shirikisho la vyama vya mbwa duniani, FCI. Mbwa wa aina nyingine za kazi pia huruhusiwa kuufanya. Mbwa sharti awe ametimiza angalau miezi 16 na awe na afya njema.

Kasi inayotakiwa ni kati ya kilomita 12 na 15 kwa saa. Njia huwa na sehemu za namna mbalimbali, kama vile lami, mawe yaliyopangwa na udongo. Kipimajoto hakipaswi kuzidi nyuzi 22 za Selsiasi, na ndiyo sababu wakati wa kiangazi mtihani huanza alfajiri au jioni.

Mbwa hukimbia upande wa kulia wa baiskeli, akiwa amefungwa ukanda ulio mrefu kiasi cha kumwezesha kurekebisha kasi yake. Akiuvuta kidogo kuelekea mbele haihesabiwi kuwa kosa. Kosa ni kubaki nyuma kila mara na kukokotwa.

Umbali wote hugawanywa mara tatu. Baada ya kilomita 8 huwa na mapumziko ya dakika 15. Baada ya kilomita nyingine 7, yaani zikitimia 15, mbwa hupumzishwa kwa dakika 20. Kisha humaliziwa kilomita 5 zilizosalia na kufuatiwa na mapumziko mengine ya dakika 15.

Katika kila kituo mwamuzi huwapitia mbwa mmoja mmoja. Hutazama macho, namna wanavyohema na jinsi wanavyosimama. Mwishoni hukagua nyayo ili kuona kama zimechunika. Mbwa aliyechoka kupita kiasi huondolewa, na mmiliki hana budi kukubali.

Kwa hesabu ya haraka, mbwa hukimbia kwa muda wa dakika 80 akienda kwa kasi ya juu inayoruhusiwa, na dakika 100 akienda kwa kasi ya chini. Mmiliki mwenye busara huchagua kasi iliyo katikati na kuidumisha.

Kwa nini mchakamchaka?

Mbwa ana namna kadhaa za kwenda. Katika mchakamchaka, mguu wa mbele wa kulia hunyanyuka pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha hufuata jozi ya pili. Uzito hugawanyika sawasawa pande zote mbili na mgongo hautikisiki sana. Huu ndio mwendo ambao mbwa wa kiasi hiki anaweza kuudumisha kwa muda mrefu kwa gharama ndogo ya nguvu.

Baiskeli ikizidi kasi, mbwa huanza kukimbia kwa kuruka. Mwendo huo huchosha upesi, huongeza joto mwilini na kuyapiga mabega kwa kishindo kila anapotua. Kwa upande mwingine, baiskeli ikienda polepole mno, mbwa hukatiza hatua, na wengine hutembea kwa kunyanyua miguu ya upande mmoja kwa pamoja, jambo ambalo waamuzi wa maonyesho hawalipendi.

Hapa ndipo mazoezi ya AD yanapomfaidi mbwa wa maonyesho moja kwa moja. Katika maonyesho ya Kijerumani, mbwa wa aina hii hawazungushwi uwanjani mara moja na kuachiliwa. Hukimbizwa mizunguko mingi, na asiye na pumzi huanza kuinamisha kichwa na kufupisha hatua huku mwamuzi akimwona. Mbwa aliyezoea kilomita kadhaa kando ya baiskeli huwa na mgongo imara na misuli ya mapaja iliyojengeka.

Daktari kwanza, baiskeli baadaye

Hatua ya kwanza ya maandalizi ni kumwona daktari wa mifugo. Daktari husikiliza moyo na mapafu, hukagua viungo na kumpima uzani. Picha ya eksirei ya nyonga na viwiko ni muhimu, kwa kuwa aina hii ina historia ya maungio ya nyonga yasiyokaa vizuri. Kumkimbiza mbwa mwenye kasoro hiyo ni kumwongezea maumivu.

Umri nao si jambo la kupuuzwa. Ncha za mifupa ya mbwa wa aina kubwa huendelea kukua na kukomaa hadi afikishe kati ya miezi 12 na 18. Kabla ya hapo sehemu hizo huwa laini, na mwendo mrefu wa kulazimishwa juu ya lami unaweza kuzidhuru. Mbwa mchanga hufaidika zaidi kwa kutembezwa na kucheza kwa hiari yake, mahali ambapo anaweza kusimama akichoka.

Mbwa mnene hupaswa kupunguzwa uzani kabla ya kuanza. Kipimo rahisi ni kupitisha viganja ubavuni: mbavu zinapaswa kuhisika bila kukandamiza, ingawa zisionekane kwa macho. Kila kilo ya ziada hubebwa na viungo vilevile kwa kilomita zote 20.

Katika nchi zenye kupe wengi kama Kenya, uchunguzi wa damu hufaa pia. Maradhi yanayoenezwa na kupe huweza kupunguza chembechembe nyekundu za damu, na mbwa akaonekana mzima nyumbani lakini akaishiwa nguvu njiani.

Baiskeli na vifaa

Baiskeli yoyote imara yenye breki nzuri inatosha, mradi isiwe na vyuma vilivyochomoza upande anaokimbia mbwa. Kiti hushushwa kiasi ili miguu ya mwendeshaji ifike chini upesi pakitokea dharura. Kipimo cha kasi cha usukanini, au simu inayoonyesha kasi na umbali, humwondolea mmiliki haja ya kukisia.

Wakati wa mazoezi, wengi hupendelea kumvisha mbwa mikanda ya kifuani isiyobana mabega, kwa kuwa kola hukaba koo mbwa anapovuta. Kipo pia chuma chenye springi kinachofungwa karibu na kiti cha baiskeli. Chuma hicho hupunguza msukosuko mbwa anaporuka pembeni ghafla, na huuweka uzito wake chini ili baiskeli isipinduke kwa urahisi.

Jambo moja hukatazwa na wazoefu wote: kuuzungusha ukanda kwenye mkono au kuufunga katika usukani. Paka mmoja akikatiza njia, mwendeshaji huanguka na mbwa huburutwa. Ukanda hushikwa kwa namna ambayo unaweza kuachiliwa mara moja.

Kujuana na baiskeli

Mbwa asiyeijua baiskeli huweza kuiogopa, na hofu hiyo huchosha kuliko umbali. Siku za mwanzo mmiliki huisukuma kwa miguu huku mbwa akitembea upande wa kulia. Mbwa hujifunza kwamba magurudumu hayamfuati yeye, na kwamba akikatiza mbele atazuiwa.

Baada ya siku chache, mmiliki hupanda na kwenda mita 200 au 300 mahali tambarare pasipo na magari. Amri chache zinazotamkwa kwa namna ileile kila siku zinatosha: ya kuondoka, ya kupunguza mwendo, ya kupinda kulia au kushoto na ya kusimama. Mbwa hupongezwa kwa sauti tulivu, kwani msisimko mwingi humfanya avute.

Aidha, mbwa apewe nafasi ya kujisaidia kabla ya kuanza. Mbwa mwenye haja husimama ghafla, na baiskeli haina huruma.

Ratiba ya wiki 12

Mbwa mzima anayetembezwa kila siku anaweza kuandaliwa kwa takriban wiki 12. Mazoezi ya baiskeli mara tatu kwa wiki yanatosha, na siku za katikati huachiwa matembezi mepesi. Misuli haijengeki wakati wa kukimbia. Hujengeka katika mapumziko yanayofuata.

Wiki mbili za kwanza ni za matembezi ya haraka ya kilomita 3 hadi 5 kwa miguu, pamoja na kilomita moja au mbili za baiskeli. Katika wiki ya tatu mwendo mrefu zaidi wa baiskeli huwa kilomita 3, ya nne kilomita 4, ya tano kilomita 5 na ya sita kilomita 6.

Wiki ya saba mbwa hufikishwa kilomita 8, ambazo ni sawa na sehemu ya kwanza ya mtihani. Wiki ya nane hushushwa tena hadi kilomita 6 ili mwili upumzike. Wiki ya tisa hufika kilomita 10 na ya kumi kilomita 12. Katika wiki ya 11 hukimbia kilomita 15 akipumzishwa baada ya kilomita 8, kama itakavyokuwa siku yenyewe.

Wiki ya mwisho ni ya utulivu. Mara moja au mbili za kilomita 4 zatosha, kisha mbwa hupumzika siku mbili kabla ya mtihani. Hakuna haja ya kumkimbiza kilomita 20 nyumbani. Mbwa anayemaliza kilomita 15 akiwa mchangamfu ana akiba ya kutosha.

Ratiba hii si sheria isiyovunjwa. Mbwa akichechemea, akikataa chakula au akiwa mzito kunyanyuka asubuhi ya pili, hatua inayofuata huahirishwa. Mbwa wa aina hii hupenda kumridhisha bwana wake na huweza kuendelea kukimbia huku akiumia. Hawezi kusema kwamba amechoka, hivyo jukumu la kusema ni la aliye juu ya baiskeli.

Kila baada ya mazoezi, mmiliki anaweza kuandika umbali, muda, hali ya hewa na dakika ambazo mbwa alichukua kabla ya pumzi yake kutulia. Kadiri wiki zinavyosonga, dakika hizo zinapaswa kupungua. Zisipopungua, kuna kasoro.

Nyayo zikikataa, safari imekwisha

Mbwa wengi huwa na pumzi ya kutosha lakini huangushwa na nyayo. Ngozi ya nyayo hukomaa kwa kuzoeshwa taratibu. Mbwa aliyezoea nyasi za uani tu, akipelekwa ghafla kwenye lami, huchunika katika kilomita chache.

Dawa yake ni kubadilisha njia. Sehemu kubwa ya mazoezi hufanywa kwenye udongo mgumu, kisha lami na changarawe huongezwa kidogo kidogo. Kila akirudi, nyayo huoshwa, hukaushwa na kukaguliwa katikati ya vidole, mahali panaponasa miiba na vijiwe. Kucha hukatwa mapema, wala si siku moja kabla ya mtihani.

Lami yenye joto ni hatari ya pekee. Kiganja cha mtu kikishindwa kutulia juu yake kwa sekunde chache, nyayo za mbwa hazifai kuikanyaga.

Joto ndilo adui mkuu

Binadamu hupoza mwili kwa jasho. Mbwa hana uwezo huo isipokuwa kwa kiasi kidogo sana katika nyayo. Njia yake kuu ya kujipoza ni kuhema, ambapo unyevu wa ulimi na njia ya hewa hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Hewa ikiwa na joto na unyevu mwingi, mvuke huo hautoki vizuri na joto hubaki mwilini.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Likipita 41 uhai wake umo hatarini, kwani ubongo, figo na utumbo huanza kudhurika. Ndipo mtu anapoelewa kwamba kikomo cha nyuzi 22 katika kanuni hakikuwekwa kwa ajili ya starehe ya waamuzi.

Dalili za hatari ni ulimi uliopanuka na kuwa mwekundu sana, mate mazito, macho yaliyokodoka, kuyumbayumba, kutapika na hatimaye kuzirai. Mbwa mwenye dalili hizo asilazimishwe hata hatua moja zaidi.

Huduma ya kwanza ni kumpoza hapo hapo kabla ya safari ya kwenda kwa daktari. Humwagiwa maji ya baridi mwili mzima na kupepewa bila kukoma. Zamani wengi waliogopa kutumia maji ya baridi, lakini ushauri wa sasa wa madaktari wa mifugo ni kwamba kuchelewa kumpoza ndiko kunakoua. Joto likishuka kuelekea 39, upozaji husimamishwa na mbwa hupelekwa kwa daktari hata kama anaonekana amepata nafuu, kwa kuwa madhara ya ndani huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Mbwa wenye pua fupi, kama bulldog na pug, hawana njia ya kutosha ya hewa ya kujipoza. Hao wasikimbizwe kando ya baiskeli kabisa.

Chakula na maji

Mbwa wenye kifua kirefu, wakiwemo German Shepherd, hukabiliwa na hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda. Hali hiyo huua kwa muda wa saa chache isipotibiwa kwa upasuaji. Kwa tahadhari, mlo mkubwa hutolewa saa nyingi kabla ya mazoezi, na baada ya kukimbia mbwa huachwa atulie kabisa kwa saa moja au mbili ndipo apewe chakula.

Maji hupewa kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Mbwa aliyekunywa vizuri jioni na asubuhi huanza akiwa salama kuliko yule anayejaziwa karai zima kwenye kituo cha kilomita 8.

Nguvu za safari ndefu za mbwa hutoka zaidi katika mafuta kuliko wanga. Chakula bora chenye nyama na mafuta ya kutosha humfaa, lakini mabadiliko yoyote ya chakula yafanywe mapema. Wiki ya mtihani si wakati wa majaribio.

Siku yenyewe

Mmiliki hufika mapema na stakabadhi za mbwa, maji, taulo na kifaa cha kutengenezea gurudumu. Mwamuzi huhakikisha utambulisho wa mbwa na kukataa yeyote anayechechemea au anayeonekana mgonjwa. Dakika 10 za kutembea huipasha misuli joto kabla ya kuondoka.

Kosa la kawaida hutokea katika kilomita mbili za mwanzo. Mbwa wengi pamoja husisimkana, kila mmoja akitaka kuwa mbele, na wamiliki huwafuata. Nguvu zinazopotezwa hapo hudaiwa baada ya kilomita 15. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Wakati wa mapumziko, mbwa hutembezwa kidogo kabla ya kulala kivulini, hunyweshwa maji kiasi na nyayo zake hutazamwa. Mmiliki akiona jeraha, ni heri ajiondoe mwenyewe. Mtihani unaweza kufanywa tena msimu mwingine, lakini mguu uliovunjika nguvu huenda usirudi uwanjani.

Baada ya kilomita ya mwisho, mbwa hutembezwa polepole mpaka pumzi itulie, na siku mbili zinazofuata huwa za matembezi mafupi tu.

Nchini Kenya

German Shepherd ni aina inayofahamika sana Kenya, nyumbani na katika vikosi vya usalama. Maonyesho ya mbwa wa nasaba huandaliwa na East Africa Kennel Club ya jijini Nairobi. Mfugaji asiyekusudia kufuata daraja za Ujerumani bado anaweza kunufaika na maandalizi ya namna hii, kwani yanafichua udhaifu ambao jicho haliuoni mbwa akiwa amesimama.

Hata hivyo, mambo mawili yahitaji kuangaliwa. La kwanza ni barabara. Ujerumani magari hupita upande wa kulia, na mbwa aliye kulia kwa baiskeli huwa mbali nayo. Kenya magari hupita kushoto, hivyo mbwa yuleyule hujikuta kati ya baiskeli na magari. Mazoezi ya upande wa kulia yafanywe kwenye njia za mashambani au viwanja visivyo na magari. Kando ya barabara, upande wa kushoto ndio salama.

La pili ni hali ya hewa. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ina asubuhi za baridi zinazofaa, hasa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Mombasa ni tofauti. Katika miezi ya joto, hata alfajiri kipimajoto mara nyingi huwa kimekwisha kupita nyuzi 22, na unyevu wa bahari humnyima mbwa nafasi ya kujipoza. Huko, kumwogesha baharini ni zoezi jema kuliko baiskeli.

Almuradi, herufi mbili za AD haziongezi hata unywele mmoja kwenye manyoya ya mbwa, wala haziondoi kasoro ya umbo. Zinachoeleza ni kwamba siku moja mnyama huyo alikwenda kilomita 20, akapumzika kwa robo saa, kisha akasimama mbele ya mwamuzi macho yakiwa maangavu na nyayo zikiwa nzima. Kwa mfugaji anayetafuta mzazi wa kizazi kijacho, habari hiyo ina thamani kuliko tuzo nyingi za kabatini.